Nilivyodaiwa Ushahidi Kwamba Nilikaa Nyumba Moja na Baba Yangu

Nilifukuzwa ofisi ya wageni kwa kosa la kutokuwa mgeni.

Msicheke kwanza, nisikilizeni.

Naitwa Drande. Wazazi wangu ni Waalbania wa kule milimani kaskazini, nami nililetwa Italia nikiwa na miaka mitatu. Tunakaa Pievefosca, mji mdogo wenye kanisa moja, bucha moja, na umbea wa kutosha miji mitano.

Siku hiyo nina miaka ishirini na nne. Nimekwenda polisi, makao makuu ya mkoa, kuongeza muda wa kibali changu cha ukaazi kama nilivyofanya tangu nijitambue. Nimepanga foleni tangu saa moja asubuhi, namba yangu mia na nne.

Askari wa dirishani akabonyeza kompyuta yake, akaacha kubonyeza, akanitazama.

"Baba yako ndiye huyu Ndue?"

"Ndiye."

"Raia wa Italia?"

"Aliapa miaka minane iliyopita."

"Wakati huo wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Akanirudishia makaratasi yangu yote, hata picha.

"Basi dada, wewe ni raia. Mzazi akishaapa, mtoto wake ambaye hajafika kumi na nane na anakaa naye anakuwa raia papo hapo. Haombi, hajazi fomu. Sasa mimi nitampaje raia kibali cha mgeni? Nifungwe?"

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Furahi." Akabonyeza kengele. "Mia na tano!"

Aisee, nilifurahi. Siwezi kuwadanganya, nilitoka pale natembea kama mtu aliyeokota kitu.

Sababu ni hii. Nilipokuwa na miaka kumi, jukwaa ambalo baba alikuwa anapigia lipu liliinama upande, akabaki ananing'inia ghorofa ya tatu ameshika bomba. Zimamoto wakaja na ngazi. Aliyepanda kumchukua alikuwa mwanamke, mfupi, mdomo mchafu, akamtukana baba njia nzima mpaka chini ili asilegeze mikono. Tangu siku ile sikutaka kazi nyingine duniani.

Na sasa nafasi za zimamoto zilikuwa zimetangazwa. Raia tu. Zimebaki siku kumi na nane kufunga maombi, na zikitangazwa tena umri wangu utakuwa umeshapita.

Kesho yake nikaenda manispaa kwa Bi Ornella.

Bi Ornella ndiye msajili wa wakazi, na pia ni jirani yetu. Dirisha lake la jikoni linatazamana na letu, kichochoro cha katikati hakizidi hatua nne. Kila Pasaka mama humpelekea byrek, pai yetu ya Kialbania ya spinachi na jibini, na yeye hairudishi sahani tupu. Siku baba anaapa, yeye ndiye aliyeshika karatasi ya kiapo, na mimi nilisimama pembeni namnong'oneza baba maneno yaliyomshinda kutamka.

Kwa hiyo nilijua ni kazi ya dakika tano.

"Mwanangu," akaniambia, amevaa ile miwani yake ya kazini, "sheria inataka mtoto awe anakaa na mzazi siku uraia unapoanza. Wewe hukuwa unakaa na baba yako."

"Bi Ornella, si unatuona kila siku!"

"Kama jirani, naona. Kama afisa, sijui lolote."

Akanigeuzia kompyuta. Mimi na mama: Mtaa wa Kisima, namba tisa. Baba: Kichochoro cha Tanuri, namba mbili. Peke yake.

"Lakini hiyo ni nyumba moja! Iko kwenye kona, ina milango miwili!"

"Daftari linasema nyumba mbili. Na ramani inaonyesha ukuta katikati. Upande wa baba yako kuna jiko na stoo."

"Sasa anaoga wapi?"

"Ramani haisemi."

Nilimwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Ngoja niwaeleze mkanganyiko huu ulivyoanza. Tulipohamia nyumba ile, nilikuwa na miaka kumi na moja. Mtu akihama, manispaa hutuma askari wake kuhakikisha kweli anakaa pale. Akatumwa Bwana Fausto.

Fausto alikuwa ameshawazoea Waalbania. Alijua sisi hatuingii ndani na viatu, tunaviacha mlangoni. Basi yeye akajitungia njia yake ya kufanya kazi: hagongi, hasumbui mtu, anahesabu viatu vya nje na kuandika.

Mlango wa mbele alikuta viatu vya mama na vyangu. Akaandika, mama na binti.

Mlango wa nyuma alikuta buti za baba zimejaa saruji. Mama alikuwa amezipiga marufuku buti zile zisionekane mlango wa mbele, eti zinatuaibisha kwa wapita njia. Fausto akaandika, mwanamume mmoja, anaishi peke yake. Akaenda zake kula.

Barua za baba zikawa zinaletwa mlango wa nyuma. Sisi tulidhani mtu wa posta naye anaogopa mdomo wa mama.

Jioni nikawaambia nyumbani. Baba aliweka kijiko chini.

"Nani kasema sikai kwangu?"

"Serikali."

"Ilikuja lini kuangalia?"

Mama akasimama, mikono kiunoni. "Kumbe miaka yote hii nimekuwa nafua soksi za mwanamume wa mtaa mwingine!"

"Lindita, huu si wakati wa mzaha."

"Nani anafanya mzaha? Kesho nguo zako peleka kwa mke wako wa Kichochoro cha Tanuri!"

Hapo kelele zikaanza. Lazima niseme ukweli, familia yetu hatuongei, tunapiga kelele. Hatugombani, ndiyo sauti tuliyopewa. Ila mimi na baba tulikuwa na ugomvi wetu mmoja wa kweli, wa bafu. Bafu moja, watu wawili wanaotoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Miaka yote tumepigania mlango ule kama wapiga kura wa vyama viwili.

Ilifika mpaka mtu akatushtaki. Miaka minane nyuma, Fausto alituletea onyo la mdomo kwamba kuna jirani kaandika malalamiko ya kelele. Jina hakutaja. Mama akaamua ni Remo, mwenye bucha, kwa sababu ukuta wake umegusana na wetu. Tangu siku hiyo mama hajakanyaga kwa Remo. Nyama yetu anaifuata mji wa pili, kwa basi, dakika arobaini kwenda na arobaini kurudi.

Basi nikaanza kukusanya ushahidi kwamba nilikaa na baba yangu mzazi.

Nilipeleka picha ya siku ya kiapo. Baba na suti ya kuazima, mama analia, mimi katikati.

"Hii inaonyesha mlikuwa pamoja manispaa," akasema Bi Ornella. "Haionyeshi mlirudi pamoja nyumbani."

Nikapeleka ripoti za shule, zote zina sahihi ya baba.

"Sahihi mtu anaweza kuweka popote."

Nikaenda kwa daktari wetu, nikarudi na karatasi kwamba mimi na baba tuliugua tetekuwanga wiki moja, mwaka uleule wa kiapo. Baba alikuwa na miaka arobaini na mbili na aliugua vibaya kuliko mimi, alilala akiita mama yake. Nilidhani hapo nimemaliza mchezo.

Bi Ornella akaisoma mara mbili. "Tetekuwanga inaambukiza hata wasiokaa pamoja."

Nikamwendea Padri Egidio, ambaye kila mwaka kabla ya Pasaka hupita kubariki nyumba na huandika kwenye daftari lake kila alipoingia. Akanionyesha mwenyewe: aliingia mlango wa mbele, akatokea wa nyuma, akaandika nyumba moja, watu watatu, akala keki. Alinipa nakala na kunisindikiza mpaka dirishani.

"Padri," akasema Bi Ornella kwa heshima zote, "baraka haina muhuri wa manispaa."

Padri akatoka akinung'unika maneno ambayo sidhani yamo kwenye misale.

Hapo nilianza kuumia kweli. Mchana najipa moyo, lakini nikikaa peke yangu nilikuwa nafikiri: sina kibali, maana mimi ni raia. Sina kitambulisho cha raia, maana mimi ni mgeni. Polisi wakinisimamisha barabarani, nitawaonyesha nini, tetekuwanga?

Na Bi Ornella alikuwa anaanza kunichanganya. Kila nikileta karatasi, hanitazami usoni. Anasoma, anakataa, anapanga kalamu zake. Nilimchukia. Mama akaapa hatampelekea byrek tena.

Zikabaki siku sita. Nikaomba ukaguzi upya, wakamtuma tena Fausto, sasa mvi tupu na karibu anastaafu.

Safari hii aligonga. Akaingia mlango wa mbele, akapita ukumbini, akasimama kwenye mlango wa jikoni unaounganisha pande mbili.

"Huu hapa mlango," nikamwambia. "Andika kuna mlango."

"Nauona. Lakini ulikuwepo miaka minane iliyopita?"

Baba damu ikampanda. "Fausto, mlango huu nimeutoboa kwa mikono yangu kabla hatujahamia! Hiyo fremu unayoiona ni mti wa chestnati, tazama kazi hiyo!"

"Kazi nzuri sana," akasema Fausto taratibu. "Na kibali cha kutoboa ulipata kwa nani, Ndue?"

Baba akaondoa mkono kwenye ile fremu. Kibali hakuwahi kuomba.

Baba ni fundi ujenzi, na robo tatu ya kazi zake zinatoka manispaa: paa la shule, ngazi za makaburini, choo cha uwanja wa mpira. Fundi akiandikwa kwamba amebomoa ukuta bila kibali, kazi hizo hazioni tena.

Fausto si mtu mbaya. Alifunga daftari lake. "Mimi sijaona kitu," akasema, akapita kwenye mlango uleule, akatokea nyuma kichochoroni, akaenda kuandika kwamba amefika na ameona ukuta.

Alifikiri anatusaidia.

Ripoti yake ilifika Alhamisi. Maombi ya zimamoto yanafungwa Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Nilikaa kwenye ngazi za mlango wa mbele nikalia kama mtoto. Baba akaja kuketi pembeni yangu, pekupeku.

"Kesho naenda kwa Ornella," akasema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo ya baba inatisha. "Nitakiri. Nitaandika nilitoboa, na tarehe niliyotoboa. Mlango ukiwepo, nyumba ni moja."

"Baba, usithubutu. Utakula nini?"

"Nitapiga lipu kwa watu binafsi."

"Hiyo haitoshi na unajua!"

"Drande." Akafuta pua yake. "Sikukuleta mpaka huku nije nikuache nje ya mlango niliotoboa mwenyewe."

Ijumaa saa tano tulikuwa dirishani, yeye na suti ileile ya kuazima. Dirisha linafungwa saa sita na nusu. Bi Ornella akavaa miwani ya kazini, akachukua karatasi ya maelezo ya hiari.

"Sema, Bwana Ndue."

"Mimi, Ndue, fundi ujenzi, mwenye akili zangu timamu." Baba alikuwa anasema polepole kama siku ya kiapo. "Naitaarifu manispaa kwamba mwaka ule tuliohamia, bila kibali cha mtu, nilichukua nyundo na..."

Kalamu ya Bi Ornella ikasimama.

"Kuna nini?" nikauliza mimi, maana hakuwa anaandika tena.

Aliinuka, akaingia chumba cha nyuma. Tukamsikia akivuta makabati. Alirudi na faili la kijani lenye vumbi, uso mwekundu mpaka shingoni, akalisukuma mbele yangu.

Ndani kulikuwa na karatasi moja. Malalamiko ya kelele. Ina namba ya kumbukumbu, ina muhuri wa manispaa, ina tarehe.

Naiweka hapa neno kwa neno, maana sasa nina nakala na nimeiwekea fremu.

"Nalalamikia bwana wa nyumba ya kona na binti yake, wanaokaa pamoja katika nyumba hiyo, na ambao kila siku asubuhi, bila kukosa hata moja, hupigiana kelele kuhusu bafu. Leo wamepita kiasi. Saa kumi na mbili na dakika kumi bwana alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani: 'Mimi sasa ni raia wa Italia, naoga kwanza!' Binti akajibu kutoka ndani ya bafu: 'Ukiwa raia wewe, na mimi ni raia, kaa hapo hapo nje!' Naomba manispaa ichukue hatua."

Sahihi: Ornella.

Nilisoma ile sahihi mara tatu. Mtu aliyekula byrek yetu Pasaka zote hizo!

"Tazama tarehe," akasema, bado hanitazami.

Baba aliapa tarehe kumi na mbili Machi. Karatasi ni ya tarehe kumi na tatu.

"Uraia unaanza kesho yake baada ya kiapo," akasema. "Ndiyo siku hiyo. Manispaa imepokea maandishi siku hiyohiyo kwamba mnakaa pamoja, ikaweka muhuri na haikupinga. Hakuna ushahidi mzuri kuliko huu."

"Ulijua tangu siku ya kwanza," nikamwambia. "Siku kumi na saba umenikatalia mpaka padri, na karatasi umeikalia wewe!"

"Niliona aibu, mwanangu." Akavua miwani. "Nilijipa moyo utaleta karatasi nyingine ya maana na hii nisiitoe. Mama yako ameacha kwenda kwa Remo miaka minane kwa kosa langu, na mimi kila Pasaka napokea sahani. Sasa leo baba yako anakuja kujichongea mwenyewe mbele yangu, mimi nimeshika kalamu. Nimeshindwa."

Nilitaka kumpigia kelele. Ndiyo sauti niliyopewa. Lakini nilikuwa nalia, na baba alikuwa ameanza kucheka, kile kicheko chake cha kukohoa.

"Eti mpaka kanisani," akasema. "Nilisikika mpaka kanisani?"

"Mpaka kanisani, Bwana Ndue."

Bi Ornella akaichukua ile karatasi ya maelezo ya hiari, akaikunja mara nne. "Kuna jambo ulianza kusema kuhusu nyundo. Mimi kama afisa sikusikia."

"Na kama jirani?" baba akauliza.

"Kama jirani, ule ukuta uliutoboa Jumapili, saa ya watu kulala mchana. Nilikusikia vizuri sana."

Mengine yalikwenda mbio. Meya aliitwa kutoka baa ya jirani, akaja na kikombe chake cha kahawa, akasaini saa sita na dakika ishirini na tano. Hati inasema nimekuwa raia tangu tarehe kumi na tatu Machi, miaka minane iliyopita. Yaani foleni zote zile nilizopanga kuomba kibali, nilikuwa naomba ruhusa ya kukaa nchini kwangu.

Maombi ya zimamoto niliyatuma saa nane mchana. Usaili nilifaulu.

Mama alipoambiwa ukweli alitoa unga kabatini. Kisha akaoka byrek mbili. Ya kwanza akampelekea Remo bucha kuomba radhi.

"Mimi niwashtaki?" Remo akashangaa. "Mama Drande, mimi saa yangu ya kuamkia ilikuwa ninyi!"

Ya pili akampelekea Bi Ornella. Alimtukana kwanza, lakini sahani alimwachia.

Na buti za baba sasa zinakaa mlango wa mbele. Mama mwenyewe ndiye aliyezihamisha, na akatangaza kwamba atakayezigusa atamkoma.

Leo mimi nipo kikosini, mji mwingine, mwaka wa tatu. Wiki iliyopita Bi Ornella alinipigia simu, nikadhani kuna hati imepotea.

"Kama afisa sina shida," akasema. "Kama jirani nakuomba uje Jumapili. Siku hizi asubuhi ni kimya mno. Baba yako anagonga mlango wa bafu saa kumi na mbili na dakika kumi, anasimama pale, halafu anakumbuka hakuna mtu ndani."

Nimeomba ruhusa, nakwenda. Nitaingia mimi kwanza na nitajifungia.

Ninyi mnaonisoma, chukueni hili. Tunzeni kila karatasi, hata ile iliyoandikwa kuwasema vibaya. Na kama mnaishi na mtu wenu, ishini naye kwa sauti, mpaka jirani achoke. Siku serikali itakapouliza mlikuwa mnakaa wapi, aliyechoka atakumbuka.